Nishani na Shahidi Wake

Oktoba 1940 gazeti rasmi la serikali ya Uingereza lilitangaza kwamba Kapteni Eric Charles Twelves Wilson ametunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika himaya yote. Hati ya sifa ilieleza jinsi alivyopigana siku kadhaa katika pengo la Tug Argan, Somalia ya Waingereza, ikamalizia kwamba aliuawa tarehe 15 Agosti saa kumi na moja jioni, akiwa bado anapigana. Wakati huo Kapteni Wilson alikuwa mateka mikononi mwa Waitaliano, na alikuwa mzima. Habari za nishani yake alizipata akiwa kambini Eritrea, kutoka kwa mateka mwenzake aliyeletwa baadaye, ambaye alishangaa kumkuta mtu aliyekwisha kuliliwa anakula na kunywa.

Alichokifanya Wilson hakina ubishi. Alikuwa na miaka 27, mvaa miwani ambaye macho yake hayakuwa ya kutamaniwa na jeshi lolote. Alisimamia bunduki za rashasha za Kikosi cha Ngamia juu ya Observation Hill, na wapigaji wake walikuwa Wasomali. Waitaliano walishambulia tarehe 11 Agosti, wakarudishwa nyuma. Wakasogeza mizinga yao hadi umbali wa yadi 700, na makombora mawili yakapenya matundu ya ngome na kulipukia ndani. Wilson alijeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto. Bunduki ziling'olewa kwenye miguu yake. Akazitengeneza, akazisimamisha upya, akaendelea kupiga. Mizinga ilimrudia tarehe 12, ikamrudia tena tarehe 14. Kufikia tarehe 15, juu ya majeraha yasiyofungwa, malaria nayo ilikuwa imempanda. Jioni hiyo ngome ikaingiwa.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kwa ajili ya kichekesho cha marehemu aliyefufuka. Ila kukisoma kwa makini kunafungua swali pana kuliko Wilson mwenyewe: nishani ya ushujaa hupima nini hasa? Jeshi halina kifaa cha kuingia moyoni mwa mtu. Linachokuwa nacho ni maneno ya walioona, kalamu ya mkubwa wa kikosi, na kamati iliyoketi mbali na moshi. Kwa hiyo kila hati ya sifa ina mambo mawili ndani yake. Kuna tendo, na kuna macho yaliyolitazama tendo hilo. Tendo husifiwa kila mwaka kwenye gwaride. Macho hayo hayachunguzwi sana, ingawa ndiyo yaliyoamua nani akumbukwe, kwa lipi, na nani aachwe.

Chukua mstari mmoja katika hati ya Wilson. Inasema kwamba sajenti wake Msomali aliuawa kando yake huku yeye akiendelea kupiga. Hakuna jina. Mtu huyo alisimama kwenye ngome ile ile, mbele ya mizinga ile ile, akatoa kila alichokuwa nacho, na katika waraka uliomwingiza afisa wake kwenye historia amebaki cheo na kabila.

Mwaka uliofuata mambo yalijirudia, safari hii karibu zaidi na nyumbani. Tarehe 19 Mei 1941, kombania mbili za batalioni ya sita ya Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), ile ya Tanganyika, zilivuka mto Bilate karibu na Colito, kusini mwa Ethiopia. Waitaliano wakawatupia vifaru, na askari wale hawakuwa na silaha ya kuvizuia. Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alirukia juu ya kifaru kimoja, akafungua mfuniko kwa nguvu, akampiga kamanda kwa bastola pamoja na waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukipeleka kifaru mafichoni. Kisha akavifuata vingine kwa miguu. Akafanikiwa kupanda kimoja zaidi, na hapo akaangushwa kwa risasi. Msalaba wake wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Hati yake inasema hakuvifuata vifaru hivyo peke yake: alikwenda na sajinimeja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu watatu, mikono mitupu mbele ya chuma, na hawa nao hawana majina. Jina lililodumu ni la mahali. Kambi ya Dar es Salaam iliitwa Colito kwa kumbukumbu ya mapigano yale. Humo ndimo askari walimoasi Januari 1964, na leo inaitwa Lugalo.

Katika vita vyote vya pili vya dunia ilitolewa Misalaba ya Victoria 182. Hakuna uliokwenda kwa askari Mwafrika wa Keya, pamoja na kwamba walipigana Somalia, Ethiopia, Madagaska na katika misitu ya Burma. Kudai kwamba kati ya maelfu hayo hakutokea hata mmoja aliyefanya kama alivyofanya Leakey ni kuomba msomaji aamini jambo gumu. Kilichokosekana ni njia ya tendo kufika mezani. Pendekezo la nishani huanzia kwa afisa, na afisa wa Keya alikuwa Mzungu. Katika karibu muda wote wa ukoloni Mwafrika hakuweza kupewa kamisheni kamili, na cheo cha effendi kilichobuniwa miaka ya 1950 kilimweka mlangoni bila kumwingiza sebuleni. Ilipofika usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera Kilimanjaro alikuwa mmoja wa maafisa Waafrika wanaohesabika kwa vidole. Hata medali za sifa za Keya zilikuwa na toleo lake la Kiafrika, kana kwamba risasi ya adui nayo ilikuwa na matoleo mawili.

Anayepita mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam huona jambo hili katika shaba. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927 inaonyesha mpiganaji na bunduki yake, singe ikielekea bandarini. Yeye ni wote, na kwa hiyo si yeyote. Wajerumani, kabla ya Waingereza, walikuwa wameweka jijini sanamu ya Hermann von Wissmann, afisa mwenye jina, na chini ya miguu yake askari Mwafrika asiye na jina akimtazama juu. Kutoka sanamu ile hadi hii askari alipanda, akapata nafasi ya peke yake. Jina lake halikupanda naye.

Ubaguzi wa rangi haukuwa pazia pekee. Jeshi la Uingereza liligawa ushujaa kwa tabaka hadi juzi tu. Afisa aliyefanya tendo kubwa alipewa Msalaba wa Kijeshi, ulioanzishwa 1914. Askari wa kawaida aliyefanya tendo lile lile alipewa Medali ya Kijeshi, iliyoletwa 1916. Handaki moja, saa moja, na nishani mbili. Mgawanyo huo uliondolewa 1993. Msalaba wa Victoria wenyewe, tangu Malkia Victoria alipouanzisha 1856, ulikuwa wazi kwa vyeo vyote, na hilo lilikuwa jambo jipya kabisa kwa zama zake. Bado aliyeandika na aliyeandikwa hawakutoka kwenye meza moja ya chakula.

Marekani ina kisa chake. Zaidi ya Wamarekani weusi milioni moja walivaa sare katika vita vya pili vya dunia, na vita vilipokwisha hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote huko. Luteni Vernon Baker wa Divisheni ya 92 aliongoza shambulio dhidi ya ngome ya Wajerumani kwenye kasri la Aghinolfi, Italia, tarehe 5 Aprili 1945. Aliteketeza viota vya rashasha kimoja baada ya kingine akiwa mstari wa mbele kabisa. Kapteni wake Mzungu aliondoka katikati ya mapigano, akisema anakwenda kuita msaada ambao haukufika. Zaidi ya nusu ya watu wa Baker walikufa kilimani. Alipewa nishani ya pili kwa ukubwa, na mambo yakaishia hapo hadi miaka ya 1990, jeshi lilipoagiza uchunguzi wa nyaraka zake. Januari 1997 Rais Clinton alitoa Nishani ya Heshima kwa askari weusi saba wa vita ile. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Baker, mwenye miaka 77, ndiye pekee aliyeweza kusimama na kuvishwa.

Kuna shinikizo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni haja ya watawala wenyewe. Nishani huchanua vizuri pembeni mwa kushindwa. Januari 1879 Wazulu waliliteketeza jeshi la Waingereza kule Isandlwana. Siku hiyo hiyo, na usiku wake, kikosi kidogo kilihimili mashambulizi katika kituo cha Rorke's Drift, na watetezi wake 11 wakapewa Msalaba wa Victoria, wakiwemo Luteni Chard na Luteni Bromhead walioamuru ulinzi huo. Tendo lilikuwa la kweli. Lakini ni vigumu kutoona kwamba London ilihitaji habari ya kuchapisha mbele ya ile nyingine. Tug Argan nayo ilikuwa sehemu ya kushindwa: Waingereza waliihama Somalia yote kupitia Berbera ndani ya Agosti ile ile, na Churchill akanung'unika kwamba idadi ya waliokufa upande wake ilikuwa ndogo mno kuonyesha kwamba watu walipigana kweli. Jenerali Wavell, kamanda wa Waingereza Mashariki ya Kati, alimjibu kuwa wingi wa maiti si lazima uwe ushahidi wa ufundi wa vita. Kwa serikali iliyokuwa katika hali hiyo, kapteni aliyepigana hadi kufa alikuwa zawadi. Kwamba hakufa ilikuwa ni kasoro ndogo ya taarifa.

Hakuna haja ya kumpunguzia Wilson chochote kwa sababu hiyo. Aliokolewa 1941, akarudi vitani kwenye jangwa la Afrika ya Kaskazini, kisha akawa msaidizi wa kamanda katika batalioni ya Keya iliyokwenda Burma. Baada ya kustaafu jeshi 1949 alifanya kazi ya utawala Tanganyika hadi 1961. Alifariki Desemba 2008 akiwa na miaka 96. Mtu anaweza kuwa shujaa wa kweli na wakati huo huo akawa shujaa aliyefaa.

Upande wa ndani wa ushujaa ulichunguzwa vizuri zaidi na daktari kuliko na jemadari. Lord Moran, aliyekuwa tabibu wa kikosi katika mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia na baadaye daktari wa Churchill, alichapisha 1945 kitabu alichokijenga juu ya hoja moja nzito: ushujaa ni akiba, kila mtu ana kiasi chake, na vita huichota kila siku hadi iishe. Kwa maelezo hayo afisa huchota kwa kasi kuliko wengine, kwa kuwa pamoja na hofu yake mwenyewe anabeba kazi ya kuificha mbele ya watu thelathini wanaomtazama usoni. Audie Murphy, luteni wa Marekani aliyezuia Wajerumani peke yake juu ya kifaru kinachowaka huko Holtzwihr, Ufaransa, Januari 1945, alirudi nyumbani akiwa askari mwenye nishani nyingi kuliko karibu wote nchini mwake, akawa nyota wa sinema, na kwa miaka mingi alilala na bastola kitandani. Hesabu ya namna hiyo haiandikwi kwenye hati yoyote ya sifa.

Moran anasaidia pia kueleza jambo ambalo mashabiki wa filamu za vita huwa hawalitarajii. Katika historia yote ya Msalaba wa Victoria, watu watatu tu wameupata mara mbili. Mmoja ni Charles Upham, afisa wa New Zealand, mpiganaji hasa. Wawili waliobaki, Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse, walikuwa madaktari. Chavasse alitambaa usiku mbele ya mistari ya Wajerumani huko Guillemont, Agosti 1916, akitafuta majeruhi, na mwaka uliofuata karibu na Ypres aliendelea kuwatoa watu uwanjani akiwa yeye mwenyewe amejeruhiwa kichwani. Alikufa tarehe 4 Agosti 1917. Uzito wa kesi yao ni kwamba daktari hurudia. Anayevamia ngome ana dakika zake kumi za moto, lakini anayebeba machela huenda, anarudi, na kwenda tena akijua kabisa kilichoko kule. Na ana faida moja mbele ya kamati: mashahidi wake ni wale aliowaokoa.

Wapo waliokosa shahidi rafiki. Kapteni Charles N'Tchoréré, Mgaboni, alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache mno waliofikia cheo hicho katika jeshi la Ufaransa. Juni 1940 kombania yake ilishikilia kijiji cha Airaines, karibu na mto Somme, hadi ikakosa la kufanya. Baada ya kujisalimisha tarehe 7 Juni Wajerumani waliwatenga weusi na weupe. N'Tchoréré alikataa kuingizwa katika kundi la askari weusi: yeye alikuwa afisa wa Ufaransa, na sheria za vita zilimtambua hivyo. Walimpiga risasi papo hapo. Mtoto wake, askari naye, aliuawa vitani kwenye Somme siku zile zile. Mapigano yalikuwa yamekwisha na bunduki zilikuwa zimewekwa chini. Kilichobaki kwa kapteni huyo ni neno moja la kukataa. Hati za sifa hazikutungwa kwa ajili ya tendo kama hilo, maana halina ngome iliyotekwa wala adui aliyerudishwa nyuma. Shule ya kijeshi ya Saint-Louis nchini Senegal imepewa jina lake.

Ushujaa wa uamuzi nao una shida ya kuonekana. Machi 1979, katika vita vya Kagera, jeshi la Idi Amin wa Uganda likisaidiwa na Walibya liliigonga brigedi ya 201 ya Tanzania huko Lukaya na kuivuruga. Jibu lilikuja kwa amri: brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilitakiwa izunguke kutoka upande wa Sembabule na kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Ilifika, na asubuhi adui akajikuta anapigwa mbele na nyuma. Kutuma maelfu ya watu gizani kwa kutegemea ramani na saa kunahitaji moyo, ila ni moyo usiopigika picha. Tanzania kwa jumla ilichagua kuikumbuka vita ile kwa pamoja. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao mnarani na Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mamia ya waliorudishwa wamelala katika makaburi ya Kaboya, Kagera. Makamanda wanajulikana kwa majina. Watu wazima wa leo wangepata tabu kumtaja luteni au koplo mmoja tu wa Lukaya, na huo ni upungufu ambao hauwezi kutupiwa Wazungu.

Uamuzi wa aina hiyo ulionekana tena Kigali. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomrudisha Rais Juvénal Habyarimana kutoka mkutano wa Dar es Salaam iliangushwa, na mauaji ya kimbari yakaanza saa chache baadaye. Umoja wa Mataifa ulikuwa na walinda amani wapatao 2,500 nchini Rwanda. Baada ya wiki mbili Baraza la Usalama liliamua wabaki 270. Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, naibu wa kamanda Roméo Dallaire, alikataa kuondoka, na Waghana wakabaki zaidi ya idadi iliyoruhusiwa.

Hapo ndipo anapoingia Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alikuwa na miaka 36, mwangalizi wa kijeshi. Mwangalizi hana silaha. Kazi yake ni kutazama na kuandika taarifa. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa na askari wa serikali, na watoto wake wakabaki wamejificha katika nyumba jirani kwenye makazi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Diagne aliwakuta, akawaficha ndani ya gari, akawapeleka Hôtel des Mille Collines. Baadaye walitolewa nje ya nchi. Amri iliyokuwepo ilikataza waangalizi kujiingiza, na yeye alikuwa amekwisha kujiingiza.

Kwa wiki zilizofuata aliifanya kazi hiyo kuwa ya kila siku. Gari moja, watu watatu, wanne au watano kwa safari, wamelala chini na kufunikwa. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya Interahamwe, vijana wenye mapanga na bia kichwani, na kila kizuizi kilitaka maelezo. Diagne alikuwa mrefu, mcheshi, Mwislamu aliyejua thamani ya sigara na utani mahali ambapo bunduki isingefaa kitu. Aligawa sigara, akatoa pesa, akacheka nao, akapita. Kisha akarudi akapita tena. Mazoea hayo na wauaji ndiyo yaliyokuwa silaha yake, na pengine ndiyo yanayoleta ugumu wa kumtukuza kwa mtindo wa gwaride: shujaa huyu alimchekea adui mara mamia na hakumpiga hata kofi. Dallaire alijua kinachoendelea, akanyamaza. Makadirio ya waliookolewa huanzia mamia na kufikia elfu moja. Hakuna daftari, kwa kuwa daftari lingeua watu.

Tarehe 31 Mei 1994 alisimama kizuizini akirudi makao makuu ya kikosi. Kombora la mota lilitua nyuma ya gari lake, kipande kikampiga kichwani, akafa papo hapo. Zilikuwa zimebaki siku chache arudi Senegal kwa mke na watoto wake wawili.

Sasa tazama mwendo wa kalamu. Senegal ilimpa nishani ya Simba 2005. Rwanda ilimtunuku 2010. Umoja wa Mataifa, ambao alikuwa amevaa bereti yake, ulingoja hadi Mei 2014, miaka 20 baadaye, ndipo Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2154 la kuanzisha medali ya ushujaa wa pekee yenye jina lake, na familia yake ikakabidhiwa ya kwanza 2016. Sababu ya kuchelewa si fumbo. Kila safari yake ilikuwa uvunjaji wa amri, na kumsifu kapteni aliyevunja amri ni kukiri kwamba amri ilikuwa mbaya. Taasisi hukiri polepole. Kama Diagne angeiteka ngome kinyume cha amri, angesamehewa mapema zaidi. Ngome huonekana kwenye ramani.

Medali hiyo ilikwenda kwa mtu wa pili Mei 2019, na hakuwa afisa. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi alikuwa katika operesheni dhidi ya waasi wa ADF huko Kididiwe, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, Novemba 2018. Walinda amani kadhaa wa Malawi na mmoja wa Tanzania waliuawa. Koplo mmoja wa Tanzania alikuwa ameanguka, amejeruhiwa vibaya, yuko wazi mbele ya risasi. Chitete alimvuta hadi mahali salama na kumpa huduma ya kwanza, na akiwa katika kazi hiyo akapigwa yeye. Koplo alipona. Mjane wa Chitete aliipokea medali New York kutoka kwa António Guterres. Kwa nishani iliyopewa jina la kapteni kushuka hadi kwa praiveti, tena kwa kosa zuri lile lile la kwenda mahali ambapo angeweza kutokwenda, mfumo ulionyesha kwamba unaweza kujifunza.

Mfumo huo unaweza pia kudanganya. Idi Amin, askari wa zamani wa Keya, alijitengenezea Msalaba wake mwenyewe na kuupachika kifuani pamoja na nyingine nyingi hadi koti likaelemewa. Aprili 1979 aliikimbia Kampala. Huo ni uongo wa kuchekesha. Uongo wa hatari ni ule wa hati iliyopigwa chapa vizuri. Tarehe 16 Machi 1968 Hugh Thompson, afisa mteule na rubani wa helikopta wa jeshi la Marekani, aliruka juu ya kijiji cha My Lai, Vietnam, akaona askari wenzake, chini ya Luteni William Calley na wengine, wanaua wanakijiji. Alitua kati ya askari hao na raia waliokuwa wanakimbia, akawaagiza wapigaji wake wawafyatulie Wamarekani wenzao iwapo wangewashambulia watu hao, akaita helikopta nyingine ziwachukue. Fundi wake Glenn Andreotta aliingia kwenye mtaro uliojaa maiti, akamtoa mtoto aliyekuwa bado anapumua.

Jeshi lilimpa Thompson nishani ya marubani muda mfupi baadaye. Hati ilisifu jinsi alivyomwokoa mtoto aliyenaswa katikati ya mapambano makali. Hapakuwa na mapambano. Alitambua kwamba anavishwa kifuniko cha uhalifu, akaitupa. Miaka mingi alichukiwa na kutishwa, hadi katika miaka ya 1990 makao makuu ya jeshi yalipokubali kumpa Nishani ya Askari, ambayo hutolewa kwa ushujaa usiohusu kupambana na adui, na yakataka kuitoa kimya kimya. Alikataa. Alitaka itolewe hadharani, kwenye ukuta wa kumbukumbu ya Vietnam jijini Washington, na alitaka Andreotta na Lawrence Colburn, aliyekuwa kwenye bunduki siku ile, wapewe pia. Andreotta alikuwa amekwisha kuuawa Vietnam wiki tatu baada ya My Lai. Jeshi lilikubali masharti yote mawili, na nishani tatu zilitolewa tarehe 6 Machi 1998, miaka 30 kasoro siku kumi tangu tendo lenyewe.